Kichwa cha treni kilichopungua vipande: kukigeuza mabaki ya yadi ya vyuma chakavu

Swali: *Nina modeli ya kichwa cha treni ya mvuke, skeli ya HO (ndogo mara 87 kuliko treni halisi), mwili wa plastiki na fremu ya chuma. Haina mota, haina behewa la makaa, konrodi za upande mmoja zimepotea, mlango wa mbele na bomba la moshi havipo, na kibanda cha dereva kimepasuka kona. Nimeamua kuiweka kwenye kibao cha maonyesho kama mabaki ndani ya yadi ya vyuma chakavu. Nilijaribu kupaka kutu kwenye kipande cha plastiki, kikatoka na rangi ya karoti. Je, nitafute kwanza vipande vilivyopungua? Na hiyo kutu inapakwaje ikaonekana ya kweli?*

Jibu:

Usitafute kipande hata kimoja. Bomba la moshi, mlango wa mbele, konrodi, behewa la makaa: karibu kila ulichokitaja ni kitu ambacho hata kichwa halisi hukikosa kikishafikishwa kwa wakata skrepa. Upungufu wenyewe hauna tatizo. Tatizo ni kwamba kwa sasa hauna sababu, na mtazamaji hulihisi hilo hata kama hawezi kulieleza. Kipande kilichovunjika kwa kuanguka kutoka mezani hakifanani na kilichofunguliwa kwa spana, na hicho nacho hakifanani na kilichokatwa kwa gesi. Kwa hiyo kabla ya kugusa rangi, chukua karatasi uandike mbele ya kila pengo: nani aliondoa, lini, kwa chombo gani. Hayo majibu matatu ndiyo yatakayokuambia wapi pawe na kutu nzito, wapi kutu changa, wapi pabaki rangi ya zamani.

Jambo moja kabla ya msumeno. Kama modeli yako ingekuwa ya shaba iliyoungwa kwa mkono, au ya bati ya zamani, ningekuambia umwonyeshe kwanza mkusanyaji, maana zipo zinazouzwa kwa bei nzuri hata zikiwa mbovu. Ya plastiki isiyo na mota, kata bila wasiwasi.

Vitu huondoka kwa utaratibu wake

Kichwa cha mvuke kikiondolewa kazini, cha kwanza kutoka ni vibao. Jina na namba zilizosubiwa kwa shaba hufunguliwa mapema, mara nyingi kabla hakijaondoka karakana, kwa sababu wapo watu wa kuvinunua. Panapobaki pana mstatili wa rangi isiyopauka sana, matundu ya bolti, na namba iliyoandikwa upya kwa brashi au chaki na mtu aliyekuwa na haraka. Hiyo namba ya mkono, iliyopinda kidogo, ni kitu kidogo mno kukifanya na kina nguvu kuliko saa nzima ya kupaka kutu.

Halafu konrodi zile kubwa, zinazotoka kwenye pistoni. Kichwa kikikokotwa mbali bila mvuke, huondolewa ili pistoni zisisuguane kavu ndani ya silinda. Fito zinazounganisha gurudumu na gurudumu zinaweza kubaki. Hapa basi upungufu wako unadai uongeze upungufu: hakuna fundi anayefungua upande mmoja tu kabla ya safari, kwa hiyo toa na konrodi za upande wa pili. Usizitupe. Moja ilaze juu ya jukwaa la pembeni mwa boila, au iache chini karibu na gurudumu, na mtu yeyote aliyewahi kuangalia picha za yadi atajua yuko wapi.

Baada ya hapo hufuata chochote chenye shaba: saa za presha, vali, filimbi, mabomba, beringi. Hivi havisubiri zamu, maana kilo ya shaba ina thamani kuliko kilo nyingi za chuma. Kwa hiyo kwenye modeli yako kata mabomba membamba yote ya nje, ubakize vishikizo vyake na vitundu. Zaidi ya hayo angalia asili ya modeli. Uingereza walikuwa na desturi ya kutengeneza chumba cha moto cha ndani kwa shaba. Marekani walitumia chuma. Kama chako ni cha Kiingereza, tundu kubwa lililokatwa kwa gesi nyuma ya boila lina maana kamili, mtu alikuwa anaifuata shaba. Kama ni cha Kimarekani, tundu hilohilo ni pambo tu, liache.

Behewa la makaa nalo si fumbo. Ni tangi juu ya magurudumu, lina wanunuzi wake, na yadi nyingi ziliyauza peke yake. Acha nafasi yake wazi nyuma ya kibanda, uonyeshe ndoano ya kuunganishia ikining'inia.

Ukitaka mfano wa kusoma kwa macho, tafuta picha za Barry, kusini mwa Wales. Yadi ya Woodham Brothers ilianza kupokea vichwa vya mvuke kutoka shirika la reli la Uingereza mwaka 1959, na shirika hilo likaacha kutumia mvuke kwenye njia zake kuu Agosti 1968. Vilifika 297. Vingi vilipaswa kukatwa, lakini wenye yadi walichagua kukata mabehewa kwanza kwa kuwa ni kazi nyepesi, na vichwa vikabaki vimepangwa mistari kwenye hewa ya bahari, vingine kwa zaidi ya miaka 20. Mwishowe 213 viliokolewa na wahifadhi. Faida yake kwako ni kwamba vichwa vilevile vilipigwa picha mwaka hadi mwaka, kwa hiyo unaweza kufuatilia kutu ikitembea: mwanzoni inaanzia mbele na chini, rangi ya ubavuni bado inang'aa kidogo, na miaka mingi baadaye hakuna rangi tena, kuna vivuli vya kahawia tu.

Mfano wa pili ni nje kidogo ya mji wa Uyuni, Bolivia, karibu na uwanda mkubwa wa chumvi. Kule hakuna anayekata. Vichwa viliachwa tu, upepo na chumvi vikavila, na leo vinakaribia kuwa rangi moja. Ni mandhari nzuri kupiga picha, ila kwa modeli ndogo siipendekezi: kitu cha rangi moja, kikubwa kama kidole, hakina pa kulishikia jicho.

Ushauri wangu ni hadithi ya Barry yenye mkato mpya. Kichwa kimesubiri miaka kumi hivi, kisha wiki hii wakataji wameanza na kibanda cha dereva. Kibanda ni bati jembamba, hukatwa upesi, na kona yako iliyopasuka inapata kazi. Pia unapata kutu za umri mbili kwenye kitu kimoja.

Fungua, pima, punguza unene

Tenganisha mwili na fremu, uangalie fremu kwa kioo cha kukuza. Fremu nyingi za modeli husubiwa kwa aloi ya zinki. Ikiwa kiwandani aloi hiyo iliingiwa na uchafu, hasa risasi, baada ya miaka huanza kuvimba, kupinda na kupasuka nyufa nyembamba za utando. Hakuna dawa. Kwa kichwa kinachotembea ndio mwisho wake, na huenda ndiyo sababu chako kilinyang'anywa mota. Kwa maonyesho usijidanganye kwamba nyufa zitapendeza: fremu itaendelea kuvimba chini ya rangi yako mpaka ipasue mwili. Kama ina nyufa hizo, itupe, unde nyingine kwa vipande viwili vya plastiki bapa, kwa kuwa haitabeba chochote. Kama ni nzima, itumie, ila toa uzito wa ndani ya boila. Nafasi hiyo tutaihitaji.

Rangi ya kiwandani ikiwa nyembamba na safi, iache kama msingi. Ikiwa nene, ondoa kwa alkoholi ya isopropili, baada ya kujaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwa sababu baadhi ya plastiki hulegea. Modeli za zamani zinaweza kuwa na risasi kwenye rangi au kwenye vipande vya chuma laini. Zipige msasa zikiwa na maji, usipulize vumbi, osha mikono.

Sasa tunafika mahali ambapo kazi nyingi za namna hii huharibikia, na wala si kwenye rangi. Skeli ya HO ni 1:87. Ukuta wa plastiki wa milimita 1 ukiukuza mara 87 unapata ukuta wa karibu sentimita 9. Hakuna kibanda cha dereva duniani chenye bati la sentimita 9. Maadamu mwili umefungika, unene haujulikani, lakini ukikata tu tundu, ukingo wake unatangaza plastiki. Bati halisi la kibanda lenye milimita 6 linapaswa kuwa 0.07 kwenye modeli, na bamba la boila la milimita 16 liwe 0.18 hivi.

Kwa hiyo kila ukingo utakaofungua sharti upunguzwe kutoka ndani. Kwangua kwa kisu cha wembe kilichoshikwa wima, taratibu, mpaka ukiinua mbele ya taa mwanga upenye. Si lazima ukuta mzima. Upana wa milimita 3 au 4 kuzunguka tundu unatosha, jicho halifiki zaidi ya hapo. Kwa kibanda chako kilichopasuka mimi nisingekwangua kabisa. Kata upande wote mbovu, uweke bati la kopo la kinywaji. Unene wake ni karibu milimita 0.1, sawa na bati la milimita 9 kwenye kitu halisi, na kwa macho linapita. Linapinda, linakunjika, linachanika kama bati, jambo ambalo plastiki haitakufanyia kamwe. Piga ribiti, yaani vile vinundu vya misumari inayounga mabati, kutoka nyuma kwa sindano butu juu ya mpira laini kabla ya kugandisha.

Boila lina ganda la nje, bati jembamba linalofunika kinga-joto, na chini yake ndiyo mwili wenyewe wa boila. Kwenye yadi ganda hilo huchanika na kuning'inia, na kinga-joto yote ikianguka huonekana mikanda ya chuma iliyokuwa ikishikilia bati. Foili ya alumini ya jikoni, yenye unene wa milimita 0.016 hivi, ikikuzwa mara 87 inatoa milimita 1.4, karibu kabisa na bati halisi la ganda. Bahati kama hii haitokei mara nyingi kwenye ufundi wa modeli. Chagua eneo moja la boila, si matatu. Kwangua plastiki iingie ndani kidogo, bandika vijikanda vyembamba vya mviringo, kisha funika sehemu kwa foili iliyochanwa kwa mkono, ukingo mmoja ukiwa umejikunja nje.

Mkato wa gesi

Mstari wa mkata gesi haunyooki sana wala haupindi ovyo. Unakwenda kwa vituo: mtu anasogeza mkono, anatulia, anasogeza tena, na kila kituo kinaacha kibonyeo kidogo. Tumia tupa ya mviringo, nyembamba kuliko zote ulizonazo, utie alama fupifupi ukingoni, zisilingane. Chuma kilichoyeyuka huganda chini ya mkato kama matone, kwa hiyo dondosha vitone vya supagluu kwa ncha ya sindano kwenye ukingo wa chini tu. Juu hakuna matone.

Rangi ya mkato ina mpangilio wake. Ukingo wenyewe ni kijivu cha chuma chenye ubuluu kidogo. Pembeni yake pana ukanda ambapo rangi ya zamani imeungua, umekuwa mweupe wa majivu, halafu mweusi, halafu unarudi rangi ya kawaida. Juu ya kijivu kile, kwa kuwa mkato una siku chache na mvua imenyesha, pitisha utando mwepesi wa rangi ya chungwa. Hapa ndipo mahali halali pa ile karoti yako. Ukiiweka hapa peke yake itaonekana mpya, na itafanya kutu nyingine zote zionekane za zamani.

Kutu

Kutu changa ina uchungwa na unjano. Ikikaa hukolea: nyekundu ya udongo, kahawia, mwisho kahawia nzito inayokaribia zambarau. Mtu anayepaka kutu kwa mara ya kwanza huchukua rangi ya kutu changa akaieneza kote, na hicho ndicho kilichokupata. Kwenye kichwa cha miaka kumi, eneo kubwa liwe kahawia nzito. Uchungwa uwe mdogo sana, kwenye mkato mpya, kwenye michubuko, na pale maji yanapotuama.

Mahali pake pia si pa kubahatisha. Chumba cha moshi, yaani ile ngoma ya mbele, ndicho huanza. Joto limeunguza rangi yake miaka mingi, na majivu ya makaa ya mawe yana salfa ambayo ikikutana na maji hutoa asidi inayokula bamba kutoka ndani. Kwa hiyo mbele pawe na kutu kuliko popote, ukingo wa chini wa ngoma ukiwa umetoboka kama una ujasiri wa kutoboa. Wanaofuata ni ukingo wa chini wa kibanda, pembe za madirisha, maungio yote ya jukwaa la pembeni, na paa. Ubavu wa boila huchelewa. Na chini kabisa, kwenye magurudumu, fremu na silinda, kutu hupungua tena, kwa sababu miaka ya mafuta na vumbi la makaa imefanya gamba jeusi ambalo maji hayalipenyi kirahisi. Wengi hupaka kutu nyingi magurudumuni kwa kudhani ni chuma tupu. Mahali pa kutu kule ni mdomo wa gurudumu unaogusa reli, uliokuwa unang'aa kwa kuzunguka, sasa umeota kahawia.

Utaratibu wa kupaka ninaoutegemea ni huu. Anza na praima ya kijivu. Juu yake weka kahawia nzito ya akriliki, si sawasawa, kisha kwa sponji iliyonyofolewa gonga kahawia nyekundu kidogo na zambarau iliyokolezwa kidogo, zipandane. Ikauke, ifunike kwa vanishi isiyong'aa. Hii ndiyo kutu yako ya zamani, na umeiweka chini ya rangi, kama ilivyo.

Kisha pulizia sprei ya nywele, tabaka mbili nyepesi, uache ikauke. Juu yake paka rangi ya kichwa chenyewe kwa akriliki iliyozimuliwa vizuri. Rangi hiyo iwe imepauka: nyeusi ya yadi ni kijivu cha mkaa, nyekundu imeelekea uwaridi, kijani imekuwa na ungaunga. Kwenye skeli ndogo, nyeusi tupu hufunika maumbo yote, kwa hiyo hata kama hutaki kuonyesha kupauka, ipunguze. Baada ya dakika 15 hadi 30 lowesha sehemu ndogo kwa maji ya vuguvugu, subiri kidogo, usugue kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Sprei inayeyuka chini na rangi inabanduka vipandevipande. Usisubiri hadi kesho yake, maana akriliki ikikomaa haitoki vizuri. Bandua zaidi mbele na chini, kidogo ubavuni, na kumbuka hesabu ya skeli: kipande cha milimita 1 ni karibu sentimita 9 za kichwa halisi, kwa hiyo vingi viwe vidogo kuliko hapo. Ukitosheka, funika kwa vanishi tena.

Michirizi hufuata. Tumia rangi za mafuta zilizozimuliwa kwa tapentaini ya madini. Haziivurugi akriliki iliyo chini ya vanishi, na zikikukasirisha unazifuta. Weka nukta ndogo chini ya ribiti, chini ya kishikizo cha bomba lililoibwa, chini ya ufa, kisha ivute kwa brashi iliyo karibu kukauka, kuelekea chini. Kwenye boila mchirizi haushuki wima tangu mwanzo, unafuata mviringo halafu unadondoka ukifika nusu ya chini. Kila mchirizi uwe na chanzo. Ukishindwa kuonyesha ulikotoka, ufute. Iache kazi siku nzima kabla ya kuigusa tena.

Poda za rangi ziwe za mwisho, kwenye sehemu bapa tu, ambako vumbi na kutu iliyomomonyoka hukaa: juu ya jukwaa la pembeni, sakafu ya kibanda, ndani ya chumba cha moshi. Zishike kwa tone la alkoholi ya isopropili, ukijua zitakolea zaidi ya ulivyoziona zikiwa kavu. Vaa barakoa, unga huo ni laini mno.

Kuhusu kutu ya kweli, ile ya sufu ya chuma iliyolowekwa siki au ya unga wa chuma uliochujwa: inavutia, na kwa ardhini naipenda. Kwenye mwili wa HO naikataa. Chembe zake ni kubwa, zinaonekana kama changarawe zimegandishwa. Na kama una treni nyingine zinazotembea, ifanyie kazi hiyo chumba kingine, kwa sababu sumaku za mota huvuta kila punje ya chuma iliyo karibu.

Uso ulio wazi

Mlango wa mbele uliopotea ndiyo zawadi kubwa ya hii modeli yako, na ningetumia muda mrefu hapo kuliko popote. Mtazamaji ataangalia ndani ya lile tundu kabla ya kitu kingine chochote. Kwa sasa ataona plastiki tupu, labda na skrubu.

Ndani ya chumba cha moshi, nyuma kabisa, pana ukuta wa bamba uliojaa matundu: ncha za mirija inayopitisha moshi katikati ya maji ya boila. Kwenye kichwa kikubwa mirija midogo ina kipenyo cha milimita 45 hadi 50, na kwa HO hiyo ni keekee ya 0.5 hivi. Vichwa vyenye kipashio cha mvuke, kifaa cha kuuongezea mvuke joto, huwa pia na safu mbili au tatu za mirija mikubwa sehemu ya juu, milimita 130 hivi, sawa na 1.5 kwenye modeli. Kata duara la plastiki nyembamba, chora mistari ya kuongoza, toboa mikubwa kwanza juu, kisha midogo ikijaza chini na pembeni, ikipishana. Si lazima idadi iwe kamili, ila mpangilio usiwe wa ovyo. Kiwandani hakuna aliyetoboa boila kwa kukisia. Ukuta huu uweke ndani umbali wa sentimita 2 hivi kutoka mdomoni, uupake kahawia nzito, kila tundu liwe jeusi.

Mbele ya ukuta huo, sakafuni, husimama bomba fupi lililokuwa likipuliza mvuke kwenda kwenye bomba la moshi. Kipande cha waya mnene kinatosha. Juu yake ni lile tundu la bomba la moshi lisilokuwepo, na kwa kuwa dari lina tundu, mvua imeingia: chini ya tundu hilo weka kutu ya chungwa kidogo na majivu yaliyoganda, yaani poda ya kijivu iliyochanganywa na gundi nyeupe. Kuhusu bawaba za mlango, ziache. Mlango ulitolewa, bawaba zake hazikuhitajika na mtu.

Chini yake

Kwenye ardhi nitapita haraka, kwa sababu kanuni ni zilezile. Reli ziwe na kutu hadi juu, maana hakuna kinachopita. Mataruma yazame nusu kwenye udongo mweusi wa mafuta na majivu, si kokoto safi za njia kuu. Majani yaote mahali ambapo hakuna anayekanyaga, hasa katikati ya magurudumu na chini ya fremu, na upande wa kibanda kinachokatwa pawe peupe pamekanyagwa. Weka vipande vilivyokwisha kukatwa, lakini vipime: viwanda vya kuyeyusha hutaka skrepa nzito isiyozidi kama mita 1.5 kwa 0.6, ili iingie kwenye tanuru. Kwa HO hiyo ni milimita 17 kwa 7. Rundo la vipande vya ukubwa huo linasomeka mara moja kuwa ni kazi ya watu, ilhali vipande vya ukubwa wowote husomeka kama takataka. Mitungi miwili, wa oksijeni na wa asetilini, na mipira yake ikielekea kibandani, inamaliza maelezo. Sanamu ya mkataji mwenyewe mimi nisingeiweka. Kwenye kibao kidogo hunyakua macho yote.

Kibao kisiwe kirefu kuliko kichwa kwa zaidi ya theluthi, na reli ipite kwa mshazari kidogo, isilingane na ukingo. Ukimaliza, kifunike kwa sanduku la kioo au akriliki siku hiyohiyo. Poda zisizofungwa kwa vanishi hazipanguswi, na vumbi la chumbani lina nyuzi ambazo kwa skeli ya 1:87 ni nene kama kamba, hakuna brashi itakayozitoa bila kung'oa kazi yako.